Ushauri kuhusu kutembelea Lyme Regis na kuokota visukuku

MkaziWaLangata:
Hamjambo wanajukwaa. Mwezi wa Aprili nitasafiri kutoka Nairobi kwenda Uingereza kumtembelea dada yangu, pamoja na mwanangu wa miaka kumi ambaye, tangu alipopelekwa na shule kumwona Kijana wa Turkana (mifupa ya mvulana wa kale sana) katika Makumbusho ya Taifa, hana mazungumzo mengine ila visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Tungependa kukaa siku mbili Lyme Regis, mji wa kale katika pwani ya Dorset. Je, mgeni anaruhusiwa kuokota visukuku ufuoni, na je, ni salama kwa mtoto?

MzaliwaWaLamu:
Ndugu, kuokota kunaruhusiwa, mradi mchukue vilivyokwisha kuanguka ufuoni wala msichimbe magenge, yaani kuta ndefu za mwamba zilizo kando ya bahari. Nilikwenda huko kwa treni kutoka London hadi Axminster, kisha basi. Jambo la kwanza ni kupata ratiba ya maji kujaa na kupwa. Sisi tuliokulia pwani tunajua bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, lilivyo: maji hurudi kwa kasi, na kule, kati ya Lyme Regis na kijiji jirani cha Charmouth, yakijaa hufika hadi chini ya magenge na kumfungia mtu njia. Anzeni kutembea maji yanapopwa, na mgeuke mapema. Msikae karibu na magenge, kwa kuwa ni tabaka za udongo na mawe ya chokaa zinazoporomoka bila taarifa, hasa baada ya mvua. Maporomoko hayo hayo ndiyo huleta visukuku vipya kila msimu wa dhoruba. Binafsi niliona Charmouth inamfaa mtoto zaidi, kwani amonaiti ndogo (visukuku vya viumbe wa baharini wenye magamba) hupatikana kwenye changarawe bila nyundo. Niliyoipata haikuzidi sarafu ya shilingi kumi, imejikunja kama konokono na inang'aa kama shaba.

MwalimuWaHistoria:
Nakuomba usimpeleke mtoto ufuoni kabla hajasikia habari za Mary Anning, mtafutaji mashuhuri wa visukuku, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1799. Baba yake, seremala, alifariki mwaka 1810 na kuacha madeni, na familia ikategemea kuuza visukuku. Kakake aliona fuvu la ikthiosauri, mtambaazi wa kale wa baharini mwenye umbo la samaki, mwaka 1811, na Mary akapata mwili uliobaki. Mwaka 1823 alifukua plesiosauri nzima, mtambaazi mwingine wa baharini, mwenye shingo ndefu. Wasomi walinunua na kuandika juu ya alivyovipata, mara nyingi bila kumtaja, na Chama cha Jiolojia cha London hakikumpokea mwanamke yeyote katika maisha yote ya Mary. Mwaka 1833 poromoko lilimuua mbwa wake, Tray, mbele ya macho yake, kwa hiyo onyo la ndugu wa Lamu lizingatiwe. Makumbusho ya mji yamejengwa palipokuwa nyumba yake, na sanamu yake ilizinduliwa mwaka 2022. Mweleze pia kwamba Kijana wa Turkana aligunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya mtafutaji wa visukuku, aliyeona kipande kidogo tu cha fuvu katikati ya changarawe. Hakuwa na elimu kubwa ya darasani, lakini macho yake yalijua kutazama.

MkaziWaLangata:
Nawashukuru sana. Je, amonaiti hizo zinahitaji kutunzwa kwa namna gani tukirudi?

MzaliwaWaLamu:
Zile zinazong'aa zina madini ya chuma na salfa, na unyevu huzimomonyoa zikawa unga. Zisuuzeni kwa maji baridi kuondoa chumvi, zikaushwe vizuri, kisha zikae ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana.