Mtoto kaandikiwa kipimo cha nyuklia cha figo, naogopa jamani

MamaK_Temeke
Habarini wapendwa. Mwanangu wa kiume ana miezi 8, tangu nina mimba utrasaundi ilionyesha figo yake ya kushoto imejaa maji, kazaliwa tukarudia bado imejaa, sasa daktari kasema twende Ocean Road, ile hospitali ya saratani Dar, tukafanye renogramu ya DTPA. Mimi nikisikia Ocean Road akili inaenda kwenye kansa moja kwa moja, halafu kwenye karatasi kuna neno nyuklia, tangu juzi silali. Baba yake kagoma kabisa anasema mtoto atachomwa sumu. Utrasaundi si imeshaonyesha tatizo? Hiki kingine cha nini?

BabaMapacha
Pole sana dada. Wangu mmoja alifanya akiwa na mwaka na kitu, shida hiyohiyo. Kilichotutoa jasho ni kutafuta mshipa wa kuweka kanula (kile kibomba cha kupitishia dawa), alilia mpaka sauti ikakauka, baada ya hapo tukamviringisha kwenye khanga akalala chini ya kamera kama nusu saa hivi, mashine haipigi kelele wala haimgusi. Katikati wakampa Lasix ya kuongeza mkojo, pampasi ikajaa fasta. Jioni alikuwa anacheza kama kawaida.

wa_chumba_cha_picha
Mama K, nafanya kazi upande huu ngoja nikueleze. Utrasaundi inaona umbo, inakwambia figo imevimba basi. Haikwambii kama mkojo umeziba au unashuka polepole tu, na hapo ndipo uamuzi wa kupasua au kusubiri unapotoka. Kwa renogramu tunachoma dawa, ndo hiyo DTPA, yenye teknesiamu (kitu chenye mionzi) kidogo sana, figo inaichuja, kamera inahesabu kila upande unafanya kazi asilimia ngapi (kawaida kati ya 45 na 55 kila figo) na baada ya Lasix dawa inatoka kwa kasi gani. Nusu ikitoka ndani ya dakika 10 njia iko wazi, ikipita 20 tunahofia imeziba, katikati hapo daktari anapima na mambo mengine. Ila mtoto akiwa na kiu au kibofu kimejaa majibu yanaweza kudanganya, kwa hiyo anyonye vizuri, asiende mkavu!

Mionzi: mara nyingi ni kama milisiveti (kipimo cha mionzi mwilini) 1 au chini yake, wakati binadamu kwa wastani anapata kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Teknesiamu inapungua nusu kila saa 6 na nyingine anaikojoa. Ndo maana siku ile ukibadilisha pampasi nawa mikono vizuri, na kama kuna mjamzito nyumbani asimpakate sana mpaka kesho yake.

Shiku_wa_Nairobi
Wangu alifanyiwa DMSA, kipimo kingine cha figo chenye dawa tofauti, sio DTPA, usichanganye dada. Alikuwa anapata UTI kila mara, wakataka kuona kama figo ina makovu. Hiyo unadungwa halafu unangoja masaa mawili matatu ndio picha zipigwe, so beba chakula.

MamaK_Temeke
Asanteni mno, nimemsomea baba yake hapa kanyamaza, nadhani kaelewa. Tumepangiwa Jumanne asubuhi ila natoka mbali, nikichelewa watanisubiri?

wa_chumba_cha_picha
Usichelewe mama, dawa inaandaliwa asubuhi hiyohiyo na inazidi kupungua nguvu, haiwekwi akiba. Tena piga simu Jumatatu uhakikishe ipo, maana jenereta yake (sio ya umeme, ni kifaa kinachotoa hiyo teknesiamu) inatoka nje ya nchi na ndege ikichelewa wagonjwa wote wanasogezwa. Wakisema watampa dawa ya usingizi waulize aache kunyonya saa ngapi, wasiposema mnyonyeshe tu kama kawaida. Na beba karatasi zote za utrasaundi, hata zile za ujauzito.

BabaMapacha
Na pampasi beba za kutosha, mimi nilibeba mbili nikaishia kukimbilia dukani.