Riwaya za mapenzi ya kale: zipewe rafu katika maktaba za umma Nairobi, au zitolewe?

Wadau wa vitabu, naomba tujadili hili bila kuoneana haya.

Kundi letu la wasomaji linakusanya vitabu vya kupeleka kwenye maktaba za umma za Eastlands. Katika kikao kilichopita, mwenzetu mmoja alitaka riwaya zote za mapenzi zitolewe kwenye maboksi, hasa zile za mabwana na mabibi wa Uingereza ya magari ya farasi. Alisema zinapumbaza, hazimfundishi mtoto wa Kaloleni lolote, na rafu zenyewe hazitoshi. Akapigiwa makofi. Mimi napinga, na nitamtumia mwandishi mmoja ambaye vitabu vyake vilikuwa vingi kwenye maboksi yale: Georgette Heyer.

Alizaliwa Wimbledon, London, mwaka 1902. Akiwa na miaka 17 alibuni hadithi ya kumliwaza mdogo wake wa kiume aliyekuwa na ugonjwa wa damu isiyoganda. Baba yao akapendezwa nayo, akamhimiza aichapishe, na mwaka 1921 ikatoka kwa jina The Black Moth. Mwaka 1925 baba huyo akafariki ghafla bila kuacha pensheni. Heyer, mwenye miaka 22, akabaki na jukumu la ndugu zake wawili. Miezi miwili baadaye akaolewa na Ronald Rougier, mhandisi wa migodi, na hata mume alipoacha migodi na kwenda kusomea sheria, kalamu ya mke ndiyo iliyoshikilia nyumba. Kwa hiyo anayedhani riwaya hizi ni mchezo wa bibi tajiri aliyekosa kazi, hajamsoma huyu mama.

Mwaka 1926 alitoa These Old Shades wakati Uingereza ikiwa kwenye mgomo mkuu wa wafanyakazi. Magazeti hayakuchapishwa, kwa hiyo hakuna aliyekihakiki wala kukitangaza. Kiliuzwa nakala 190,000. Heyer akaamua kwamba hana haja ya kujitangaza, na hadi anafariki mwaka 1974 hakuwahi kukubali mahojiano. Wakati huo vitabu vyake 48 vilikuwa bado madukani.

Kuna sehemu ya maisha yake ambayo imetokea huku kwetu na haitajwi sana. Kazi ya mume ilimpeleka Tanganyika, na Heyer akamfuata. Waliishi porini, katika kibanda cha nyasi ndefu za tembo, jamii ileile ya nepia tunayokatia ng'ombe. Humo ndimo alimoandika The Masqueraders, riwaya ya kaka na dada wanaojificha London baada ya uasi wa mwaka 1745 dhidi ya mfalme wa Uingereza, kaka akivaa kike na dada akivaa kiume. Maktaba yake ilikuwa imebaki Uingereza. Hata hivyo kitabu kilipotoka mwaka 1928, kosa la kihistoria lililotajwa ni moja: White's, klabu ya mabwana wa London, katika hadithi inafunguliwa mwaka mmoja kabla ya wakati wake halisi. Ni kweli hadithi hiyo haigusi Tanganyika popote, na hilo lina uchungu wake. Lakini kumbukumbu ya namna ile haiji bila miaka ya kusoma kwa bidii.

Na alisoma. Alikuwa na vitabu vya marejeo vipatavyo 1,000 na madaftari yaliyopangwa kwa mada: mavazi, kofia, rangi, maduka, bei. Aliandika hata mishumaa iliuzwa kwa bei gani katika mwaka fulani. Alipoandika An Infamous Army (1937), inayoishia kwenye vita vya Waterloo, kila neno alilomtamkisha Wellington, jemadari wa Waingereza, alilitoa katika maandishi au kauli za Wellington mwenyewe. Ni wangapi kati yetu wanaoandika riwaya za kihistoria kwa Kiswahili wana daftari la bei ya kaniki Mombasa mwaka 1837, Seyyid Said alipowashinda Wamazrui? Nauliza kwa dhati, kwa sababu nakutana na miswada ambayo mhusika wa karne ya 19 anazungumza na kufikiri kama mpangaji wa leo wa mtaa wa Umoja, Nairobi.

Kuhusu kupumbaza: mwanamke mmoja wa Romania alimwandikia Heyer kwamba, akiwa mfungwa wa kisiasa kwa miaka 12, aliwasimulia wafungwa wenzake Friday's Child kutoka kichwani, na hadithi hiyo ndiyo iliyowazuia wasirukwe na akili. Sasa tumwambie nani kwamba alipotezewa muda?

Hoja yangu basi: riwaya za mapenzi ya kihistoria ziingie maktabani, na ziingie kwa wingi. Karibuni.

Mwalimu wa historia, Buruburu:
Nakuheshimu, lakini umeruka jambo kubwa. Wale mabwana wa London wanaocheza dansi katika riwaya hizo, wengi fedha zao zilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Karibi. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, ila utumwa wenyewe katika makoloni haukufutwa kisheria hadi sheria ya mwaka 1833. Kipindi anachokipenda Heyer, 1811 hadi 1820, kimekaa katikati kabisa. Msomaji anapewa hariri na farasi bila kuambiwa nani alilipa. Halafu kuna The Grand Sophy (1950), ambamo Myahudi mkopeshaji pesa amechorwa kwa chuki ya wazi. Kumbuka pia kwamba maktaba ya McMillan hapa Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931 kwa Wazungu pekee. Baada ya yote hayo tuwarudishie rafu?

Mwuza vitabu vya mitumba, katikati ya jiji:
Mimi nitasema ninachokiona. Wanaoulizia hizi riwaya ni mayaya, askari wa usiku, wasusi, wasichana waliomaliza kidato cha nne. Wananunua moja, wanairudisha na kuongeza kidogo ili wapate nyingine. Vitabu vya kutahiniwa wananiletea niwauzie.

Jibu langu:
Mwalimu, kuhusu Sophy sina utetezi. Ukurasa ule ni mbaya, na uliandikwa miaka mitano tu baada ya vita vya Hitler, Heyer akijua yaliyowapata Wayahudi. Kitabu hicho mimi nisingekipeleka kwa watoto. Kiende kwenye sehemu ya watu wazima, na anayekiazimisha aambiwe kilichomo.

Kuhusu sukari na watumwa pia uko sahihi. Lakini tazama hoja hiyo inatupeleka wapi. Mapenzi ya Unguja ya karne ya 19, kwenye majumba ya karafuu, nayo yalilipiwa na watumwa. Soko lao Unguja lilifungwa mwaka 1873. Tukisema riwaya ya mapenzi isiguse zama zenye dhuluma, Pwani yetu haitabaki na karne hata moja ya kuandika. Mwandishi wa Zanzibar, Shafi Adam Shafi, ameonyesha njia. Vuta N'kuvute (1999) ni hadithi ya Yasmin, msichana aliyeozwa mzee asiyempenda, akaishia kumpenda Denge anayepigana na wakoloni. Mapenzi na siasa vimo pamoja, hakuna kilichomeza kingine. Msomaji aliyezoea Heyer atakishika kitabu hicho na asikiweke chini, maana anajua kungojea wawili wafikiane. Aliyefundishwa kwamba riwaya ni maswali ya mtihani hatakifungua.

Wewe na mimi tunakumbuka yaliyompata mwandishi wetu David Maillu miaka ya 1970. Kitabu chake After 4.30 kilipotoka mwaka 1974, wasomi walimtupia kila tusi, na Tanzania ikapiga marufuku baadhi ya vitabu vyake. Watu wa Nairobi wakavinunua kwa pesa zao. Hasara niionayo mimi ni kwamba wakosoaji walishughulika kuvilaani, lakini ni wachache walioketi kuuliza vilikuwa vinawapa watu nini ambacho shule haikuwapa.

Dada wa vitabu vya mitumba, umetusaidia kuliko sisi wote. Naomba uniandikie majina ya riwaya zinazorudishwa zikiwa zimechakaa zaidi. Hizo ndizo nitakazozipigania.

Kwa boksi la kwanza napendekeza The Masqueraders na An Infamous Army za Heyer, nakala nyingi za Vuta N'kuvute, na Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi huyohuyo, ili mahaba na shamba la karafuu viwe kwenye rafu moja. Mwalimu, wewe ungeongeza kipi, na kipi kati ya hivi ungekitoa?