Tumeuziwa kasuku wa mwituni tukaambiwa ni kinda aliyelelewa nyumbani

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira na sitaki kujifanya sina. Naomba wasimamizi wasiufute uzi huu. Jina la muuzaji silitaji kwa sababu shauri limeshaandikishwa, lakini mengine yote nitayasema.

Mama yangu alifiwa na mume mwaka jana. Alipotoka eda nyumba ikawa kimya mno. Mimi niko Changamwe, ndugu yangu yuko Doha, na yeye amebaki peke yake Kuze, Mji wa Kale, Mombasa. Alitaka kitu kimoja tu: kasuku. Nyumba aliyokulia ilikuwa na kasuku wa babu, wa kijivu, mkia mwekundu, aliyekuwa akiitikia hodi kabla mtu hajafika mlangoni. Mama husimulia kwamba babu alipozikwa, yule ndege aliendelea kukohoa kikohozi cha babu kila alfajiri, na bibi akikisikia hulia jikoni. Basi nikasema mama hatakosa kasuku nikiwa hai.

Nikampata mtu mtandaoni, wa Nairobi. Picha safi, ndege yuko begani kwa msichana. Maelezo yake ninayo mpaka sasa kwenye simu: miezi minne, amelishwa uji kwa bomba la sindano tangu akiwa kinda, hajui msitu, mpole, ana kibali. Chini yake watu wamejaa kumsifu. Nikatuma shilingi 45,000 kwa M-Pesa, na 3,000 za usafiri. Ndege akaja kwa basi la usiku ndani ya kasha la mbao lililofungwa misumari. Hapo nilipaswa kushtuka, na sikushtuka.

Nilipobandua ubao wa juu alikuwa amejibana pembeni, mgongo ukutani, akaanza kunguruma. Sijui nitawaelezaje ile sauti. Haifanani na sauti ya ndege, ni kama kinu cha kusagia kinachokwama, na haikatiki mpaka uondoke mbele yake. Mama aliyekuwa ameshika kipande cha papai akarudi nyuma. Akasema, "Mwanangu, huyu anaogopa." Siku ya kwanza tu, yeye ambaye hakusomea chochote, aliona kile ambacho muuzaji alijua na akaficha.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hili lingeniokoa kama mtu angeniambia mapema. Tazama jicho. Kinda wa miezi minne ana jicho la giza, kijivu kinachokaribia weusi. Linaanza kupauka polepole kadiri anavyokua, na ule umanjano hauji mpaka amevuka mwaka. Wetu alikuwa na macho ya manjano kabisa. Huyo si mtoto. Anaweza kuwa na miaka mitatu, anaweza kuwa na kumi na tano, hakuna wa kusema.

Tazama na mguu. Kasuku aliyezaliwa kwa mfugaji huvishwa pete isiyo na kiungo angali kinda, wakati vidole bado vinapita. Akikua haitoki na haiwezi kuvishwa tena. Karatasi niliyotumiwa ilikuwa na namba ya pete. Mguuni kwa ndege hapakuwa na pete, wala alama kwamba iliwahi kuwepo. Walinipa picha ya karatasi ya ndege mwingine.

Nikampigia. Akasema mpe siku tatu atazoea. Baada ya siku tatu akasema mpe wiki. Baada ya wiki akasema tatizo ni sisi, tunamwangalia sana. Kisha akanifungia namba.

Mama alimwita Subira. Alimfunika tundu kwa kanga saa moja jioni ili alale saa zake, alikaa mbali naye akisoma Yasini kwa sauti ya chini, hakumlazimisha kitu. Ndege akawa hali chochote ila alizeti, maana ndiyo aliyowekewa kwenye kasha na ndiyo muuzaji aliyosema anakula "tangu zamani". Mchicha aliutupa. Mahindi mabichi aliyatupa.

Siku ya kumi na moja, baada ya swala ya alfajiri, mama akasikia kishindo. Subira alikuwa ameanguka kutoka kwenye kijiti, yuko chini ya tundu, vidole vimekunjamana kama ngumi, kichwa kimepinda nyuma, mabawa yanatetemeka. Mama alinipigia akilia. Niliendesha pikipiki kutoka Changamwe mpaka Kuze sijui hata nilipitaje Makupa.

Daktari wa mifugo tuliyempata (Mungu ambariki, alitufungulia kabla ya saa zake) alijua mara moja. Kasuku wa kijivu wana udhaifu unaojulikana: kalsiamu ya damu hushuka, hasa wakilishwa mbegu tupu na kukosa jua, na ikishuka sana wanapata kifafa. Alizeti ina mafuta mengi, kalsiamu kidogo, na vitamini A haina ya kutosha. Akamchoma sindano ya kalsiamu, akamfunika, tukangoja. Alipotulia akaanza kumkagua, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijalisahau tangu siku hiyo.

Akafungua bawa la kulia akaniambia niweke kidole. Manyoya makubwa ya kurukia yalikuwa yamekatwa na kitu butu, shina limepasuka kama mwanzi uliopigwa na jiwe. Katikati ya manyoya madogo, karibu na kwapa, kulikuwa na uchafu mweusi, mgumu kwa nje na unaonata kwa ndani. Kidole changu kilinata. Akasema, "Huu ni ulimbo."

Ulimbo, wanajamvi. Ule ule ambao watoto huko mashamba hupaka vijiti kunasia ndege wadogo. Subira hakuzaliwa kwenye banda la mtu. Kuna mahali alitua juu ya tawi akiwa na wenzake, akanata, akavutwa, akakatwa mabawa. Kasuku hawa huenda kwa makundi na huwa na mwenza, na wategaji hufunga ndege mmoja hai mtini ili aite wengine. Wenzake walimsikia wakashuka.

Wanatoka wapi? Hapa kwetu Kenya wamebaki wachache mno, magharibi, upande wa Kakamega. Wengi wanaoingia kwa njia za panya hutoka Kongo, mapori ya Maniema na Tshopo huko, ambako utegaji umekuwa biashara kwa miaka mingi. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg, nchi zilipiga kura kumpandisha kasuku huyu mpaka Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote, na kuanzia Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa mwituni ikapigwa marufuku. Si uamuzi wa watu wa ofisini wasio na kazi. Ghana, nchi iliyokuwa na makundi makubwa, wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu 1992. Na kwa kila mmoja anayefika sokoni wapo waliokufa njiani, makadirio huanzia theluthi moja hadi theluthi mbili ya waliokamatwa. Kwa hiyo zile 45,000 zangu sikumlipia Subira peke yake. Nimewalipia na waliotupwa kando ya barabara, na hilo linaniumiza kuliko pesa zenyewe.

Naona wachangiaji wameshaanza. Mmoja anasema nimwache tu akaruke msituni, si ndege wa porini? Ndugu yangu, ataruka kwa bawa lipi? Manyoya yale hayaoti tena mpaka yaliyokatwa yapukutike, na hilo huchukua miezi mingi. Na msitu upi? Pwani si kwao. Isitoshe anaweza kuwa amebeba maradhi kutoka kwenye kasha lililobanwa ndege ishirini, yakawaangukia ndege wa hapa. Ile homa ya kasuku hupata hata binadamu, inashika mapafu, na daktari alitupa barakoa za kusafishia tundu siku hiyo hiyo.

Mwingine anasema kosa ni langu, sheria ipo. Kweli ipo, na sehemu yangu naikubali. Kuweka kasuku huyu bila kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori Kenya, ni kosa. Ndiyo maana nilikwenda mwenyewe kuandikisha taarifa nikijua naweza kuwekwa ndani. Lakini usiniambie mimi na yule tuko sawa. Mimi niliuliza kibali, yeye akanipa karatasi ya uongo.

Na ninyi mliojaza sifa kwenye ukurasa wake! Nimewatafuta wawili. Mmoja alikiri ndege wake alikufa wiki ya tatu, na akaona aibu kufuta sifa alizoandika. Aibu gani hiyo inayomwacha mwenzako aingie shimo lile lile?

Anayetaka kasuku mkubwa kweli, nimejifunza kwa maumivu, aanze kwa waliokwisha kuwepo, wale wenye kibali na historia. Ndege hawa huishi miaka 40, wengine hufika 60. Maana yake wengi huwazika wale waliowafuga. Kuna nyumba zina kasuku wa marehemu, watoto wamehamia ughaibuni, ndege amesukumwa stoo. Mchukue huyo, kwa kufuata taratibu za KWS za kubadilisha umiliki. Nenda ukae naye mara tatu nne kabla hujasema ndiyo, uone anakuja kwa nani. Kuna anayependa wanawake tu, kuna anayechukia kofia. Uliza jirani, si mwenyewe, kelele za asubuhi na magharibi zikoje. Uliza amepita nyumba ngapi. Kama ananyonyoa manyoya kifuani uliza tangu lini, nani aliondoka wakati ule. Angalia jikoni kwako pia: kikaango cha tefloni kikiungua moshi wake humuua kasuku kwa dakika chache, na parachichi ni sumu kwake. Na mkubaliane kabisa kwenye familia nani atamrithi. Mama yangu ana miaka 63. Hilo swali sikuwahi kuliuliza, na yule muuzaji hakuniuliza.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Wengi mmeuliza ndege yuko wapi. Jumatatu tulimkabidhi kwa wenye mamlaka. Mama alisisitiza kumbeba tundu yeye mwenyewe. Wiki ya mwisho Subira alikuwa ameacha kunguruma mama akipita, akapokea njugu moja kutoka kwenye kijiko kirefu, akaila amegeuka ukutani. Hiyo tu, njugu moja kwa mwezi mzima. Mama hataki ndege mwingine sasa, na nyumba imerudi kuwa kimya kuliko mwanzo.

Ninachoomba: kama umenunua kasuku mwaka huu kutoka Nairobi kwa basi la usiku, kasha la mbao la misumari, "miezi minne, hajui msitu", leo usiku washa taa umtazame jicho. Kesho mpeleke kwa daktari amfungue bawa, umpige picha. Msinitumie pesa wala pole. Nitumieni picha za zile karatasi za kibali mlizopewa, nataka kuona namba ya pete. Kama ni ile ile iliyo kwenye yangu, Alhamisi naipeleka kwa ofisa anayeshughulikia shauri letu.