Mrejesho: binti yangu aliyekuwa akigoma kwenda shule

Wapendwa, mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu binti yangu wa darasa la tano. Kila Jumatatu tumbo linamuuma, kumbe wenzake wanamcheka kwa kigugumizi, na mwalimu mmoja anamchapa akichelewa kujibu.

Nilifanya mlivyoniambia. Sikwenda kugomba, nilimwona mwalimu mkuu na mwalimu wa malezi. Nikawakumbusha kwa upole kanuni za Tanzania za 2002 kuhusu viboko shuleni: kiboko ni kwa idhini ya mkuu wa shule, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Mhusika aliitwa palepale, akaomba radhi. Nikapokea.

Ila aliyenigusa ni mwalimu wa malezi. Kamkalisha binti na rafiki yake dawati la mbele, na darasa zima limekubaliana: hakuna kummalizia mwenzio neno. Juzi akasoma shairi mstarini asubuhi. Alikwama kwenye "nchi". Shule nzima ikasubiri kimya, akamaliza. Nililia pale getini jamani.

Wanaomcheka wamebaki wawili. Ijumaa tunakutana na wazazi wao. Na aliyenipa 116, namba ya kuripoti ukatili kwa watoto, asante sana, nimeibandika jikoni.