Naomba ushauri: kozi ya Kiingereza kwa wanafunzi wa uhandisi

Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiingereza katika chuo kimoja hapa Tanzania, na nimepewa kazi ya kuandaa upya kozi ya mwaka wa kwanza, uhandisi wa ujenzi na umeme. Iliyopo imejaa sarufi na barua za kuomba kazi. Vijana wanafaulu mtihani, ila wakienda mafunzo kwa vitendo, kujaza kitabu cha kazi za kila siku kunawashinda. Mmoja aliandika kwamba walimwaga zege, basi. Uwiano wa saruji, mchanga na kokoto haupo, wala zege lilimwagiliwa maji siku ngapi. Na zege analijua! Muulize kwa Kiswahili, atakueleza mpaka uridhike.

Nataka kuanzia kwenye kazi zenyewe: kueleza mchoro, kusoma maelekezo ya mashine, kuandika ripoti ya saiti. Sarufi ifuate huko huko.

Wahandisi mlioko kazini, ni maandishi gani ya Kiingereza mnayaandika kila wiki? Na walimu wenzangu, mliwashirikishaje wakufunzi wa uhandisi katika kusahihisha, hasa darasa likiwa kubwa na vipindi vichache? Hata ukurasa mmoja wa ripoti halisi, majina yakiwa yamefutwa, utanisaidia sana.