Tupeane uzoefu: pale mwili ulipokudanganya kwamba unakwenda, au kwamba umetulia

Mwanzisha mada
Wapendwa, naomba tupeane uzoefu juu ya hisia ambayo wengi hatuikumbuki mpaka iharibike, yaani ile inayotujulisha kwamba tunakwenda, tumesimama, tumeinama au tunazunguka. Mimi husafiri mara kwa mara kwa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na inapofikia kilomita 160 kwa saa, nikifumba macho sihisi chochote isipokuwa mtetemo mdogo wa kiti. Lakini inapoanza kupunguza mwendo kuelekea stesheni, mwili wote hupata habari papo hapo. Sababu ni kwamba sikio la ndani halipimi mwendo, bali hupima mabadiliko ya mwendo. Kila sikio lina mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, ambayo huhisi mizunguko ya kichwa, na vifuko viwili vyenye chembechembe za chokaa, ambavyo huhisi kuongeza na kupunguza mwendo, kupanda, kushuka na kuinama. Mwendo usipobadilika, sikio hunyamaza, na kazi huachiwa macho, nyayo na misuli. Kila mmoja aeleze pale hisia hii ilipompotosha, na anayeijua sababu aiseme.

Mpemba wa Wete
Anayetaka kujua habari hii na avuke mkondo wa Nungwi wakati wa kusi. Nilikuwa nimekaa chumba cha chini cha boti, na macho yangu yaliona viti na kuta vimetulia kabisa, huku masikio yakinieleza kwamba napandishwa, nashushwa na kulazwa ubavu. Ubongo unapopewa taarifa mbili zinazopingana namna hiyo, wenye bahati huishia kupiga miayo na kutoka jasho jembamba. Wengine, mimi nikiwamo, huomba mfuko. Baharia mmoja alinipandisha juu, akaniambia nitazame mstari ule ambapo bahari inakutana na mbingu, na baada ya muda nilipata nafuu, kwa kuwa sasa macho nayo yaliona mwendo uleule uliohisiwa na masikio. Nimeona pia kwamba anayeshika usukani ni nadra kulewa bahari, kwa sababu anajua chombo kitaelekea wapi kabla hakijaelekea. Usiku ule, nikiwa Unguja kitandani, bado nilikuwa nayumba.

Mkwe wa Tanga
Pole sana, ndugu yangu wa Wete. Kwetu hapakuhitajika hata boti. Mama mkwe aliamka alfajiri, akageukia upande wa kulia ili ashuke kitandani, na chumba kikazunguka mpaka akashika godoro kwa mikono miwili. Hali hiyo ilipita kabla dakika haijaisha, ikarudi kila alipogeuka au kutazama juu. Wengine tulidhani ni presha, lakini kipimo kilikuwa sawa, na jirani mmoja alikwisha kutuelekeza kwa mganga. Daktari wa masikio alimlaza haraka kwa mgongo, kichwa kikiwa kimegeuzwa kulia na kuning'inia kidogo nje ya kitanda, akayatazama macho yake yakirukaruka. Alitueleza kwamba zile chembechembe za chokaa zilikuwa zimebanduka katika kifuko chake na kupotelea kwenye mfereji, ambako kila kichwa kinapogeuka huyasukuma majimaji na kuzua mzunguko usiokuwapo. Akamgeuza kichwa na mwili kwa hatua, akisubiri kidogo kila hatua, hadi chembechembe zikarudi zilikotoka. Njia hiyo ilibuniwa na daktari wa Marekani, John Epley, aliyeichapisha mwaka 1992, nayo haihitaji dawa wala kisu. Natahadharisha tu kwamba kizunguzungu kinachoandamana na ulimi mzito au udhaifu wa mkono si cha kungojea. Mgonjwa akimbizwe hospitali.

Abiria wa Mbezi
Langu ni dogo. Basi letu limesimama stendi, la jirani linaondoka taratibu, nami nakanyaga breki nisiyokuwa nayo nikiamini sisi ndio tunaorudi nyuma. Kwa maelezo ya mwanzisha mada naona sababu: kwa sikio, kusimama na kwenda kwa mwendo usiobadilika ni kitu kimoja, kwa hiyo halina ushahidi wa kuyapinga macho.

Mwanafunzi wa urubani, Nairobi
Kwetu jambo hili ni la uhai na kifo. Darasani tuliketishwa kwenye kiti kinachozunguka, tukafungwa macho. Mwanzoni unatambua vizuri unakozunguka. Mwendo ukidumu bila kubadilika, majimaji ya mifereji hufikia mwendo wa kichwa, na unaapa kwamba kiti kimesimama. Kikipunguzwa, unaapa kwamba kinazunguka kinyume. Kiti hicho huitwa kwa jina la Robert Bárány, daktari wa Vienna aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa utafiti wake wa kiungo hiki. Aidha, ndege ikiinama polepole mno, chini ya nyuzi kama mbili kwa sekunde, mifereji haihisi chochote. Ndege ya Kenya Airways iliyoanguka baada ya kuruka kutoka Douala, Kameruni, tarehe 5 Mei 2007, ikaua watu wote 114, ilikuwa imelala upande wa kulia polepole katika usiku wa giza, nje hakuna cha kutazama. Ripoti ya uchunguzi ilitaja kupotewa na mwelekeo, na kwamba vipimo havikuangaliwa. Ndiyo maana walimu wetu hawataki kusikia neno "nahisi" tukiwa mawinguni.

Mstaafu wa Bukoba
Wanangu, mimi masikio hayo sinayo tena. Nilipotibiwa kifua kikuu kwa mara ya pili nilichomwa sindano za streptomaisini, dawa iliyookoa wengi lakini ambayo kwa baadhi yetu huua seli za mizani ya sikio. Mchana natembea kama watu wengine, ila nikitikisa kichwa maandishi ya mabango huruka. Umeme ukikatika nashika ukuta, na nikifumba macho kunawa uso nikiwa nimesimama, naanguka. Faida niliyoiona ni moja: katika meli ya Mwanza, ziwa likichafuka na abiria wote wakitapika, mimi naendelea kula samaki wangu, maana sikio lililokufa haligombani na macho. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha kukazia macho kidole gumba huku nikigeuza kichwa kushoto na kulia, ili ubongo ujifunze kutegemea macho na shingo, kisha kutembea pekupeku juu ya mchanga, ili nyayo nazo zizoee kazi yake mpya. Maendeleo ni ya polepole, lakini sasa naenda msikitini alfajiri kwa tochi bila kushikwa mkono. Kama yupo mwingine aliyepatwa na haya baada ya sindano hizo, aeleze amefanya zoezi gani jingine.