Paka wangu kafa, nichukue mwingine au nitulie kwanza?

mama_ilazo: Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma, huku Ilazo. Wiki tatu sasa tangu nimpoteze paka wangu Shombo, miezi saba tu. Alianza kutapika povu la njano, akawa anakaa ameinamia bakuli la maji ila hanywi, siku ya tatu akafa. Daktari wa mifugo akasema ni parvo ya paka, hakuwa na chanjo na mi nilijua paka anachanjwa ile ya kichaa cha mbwa tu basi. Sasa jirani ana vitoto vinne anataka anipe kimoja, wanangu wanakitaka, na panya wa stoo ya mahindi washajua mwenyewe hayupo. Ila kila nikikaanga dagaa bado nageuka niangalie miguuni. Nikichukua mwingine si kama nimemtupa?

mgogo_og: Dada paka tu huyo, watu tunalia mkopo 😂

kibuyu77: We hapo juu si ungepita tu. Pole sana dada. Wangu nilimzika chini ya mzabibu mke wangu akanicheka wiki nzima, nikakaa karibu mwaka ndo nikachukua mwingine, na yule wa kwanza mpaka leo namtaja. Humtupi.

dokta_mifugo: Ya moyoni siyagusi, mi naongelea kirusi. Kile kinaweza kukaa ndani ya nyumba hata mwaka na sabuni ya kawaida hakisikii. Bakuli, matambara, boksi alilolalia, vyote tupa. Sakafu piga jiki, kipimo 1 kwa maji 32, iache dakika 10 ndo usuuze (kama ni ya udongo hapo hamna usafi utakaosaidia). Kitoto usikichukue sasa, kianze chanjo kuanzia wiki ya 6 hadi 8, kirudie kila wiki 3 au 4 mpaka kifike wiki 16. Kama panya wanakusumbua tafuta paka mkubwa aliyechanjwa. Watoto wako wasikutie hofu, binadamu hapati. Halafu, Shombo alikuwa haendi kwa huyo jirani?

mama_ilazo: Asante dokta. Boksi bado liko nyuma ya kochi na manyoya yake, nikifagia nalizunguka tu. Na kwa jirani alikuwa anashinda huko huko, wanakula sahani moja na mama wa hivyo vitoto. Ngoja nikamgongee sasa hivi.